Kupakia maktaba za msimbo programu ikiwa kazini: mwongozo kamili, kwa mfano wa mizani ya ghala Tanga

Ghala la mazao hapa Tanga halipimi kitu kimoja. Asubuhi inaingia Fuso ya machungwa kutoka Muheza, mchana nazi za Pangani, jioni robota za mkonge. Nazi zinahesabiwa. Mkonge unapimwa kwa kilo, halafu bei inafuata daraja: UG ina bei yake, 3L ina yake. Machungwa ndiyo usiseme, kila mnunuzi anakuja na hesabu zake. Ukizibana hesabu zote hizo ndani ya programu moja, siku mnunuzi mmoja akibadili utaratibu itabidi ukompaili programu nzima, uizime, uiwashe tena, na huko nje madereva wanapiga honi.

Dawa yake ipo, na ni ya zamani. Hesabu ya kila bidhaa unaiweka kwenye maktaba yake: faili la `.so` kwenye Linux, `.dll` kwenye Windows, `.dylib` kwenye macOS. Programu ya mizani inalipakia faili hilo pale inapolihitaji, huku yenyewe ikiendelea na kazi. Kwenye Linux na jamaa zake kazi hii ina fanksheni nne tu: `dlopen`, `dlsym`, `dlerror` na `dlclose`. Asili yake ni SunOS, mfumo wa Unix wa kampuni ya Sun, na zimo kwenye POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, tangu 2001, kwa hiyo ukizijua leo zitakufaa kwa muda mrefu.

Fanksheni nne utazielewa kabla chai haijapoa. Kinachowatoa watu jasho ni makubaliano kati ya programu mama (ile inayopakia) na maktaba: nani anampa nani nini, kwa mpangilio gani, na nini kinatokea makubaliano hayo yakibadilika. Nitakaa hapo zaidi.

Kwanza jiulize kama unahitaji

Kama kinachobadilika ni bei tu, usihangaike. Andika bei kwenye faili la maandishi, programu ilisome, basi. Maktaba ya kupakia inafaa pale namna yenyewe ya kukokotoa inapobadilika, au pale watu wawili tofauti wanapoandika vipande tofauti bila kusubiriana.

Ujue pia kwamba maktaba ikishapakiwa inakaa kwenye kumbukumbu ileile ya programu mama. Ikiandika mahali pasipo pake, programu yote inakufa. Msimbo wa mtu usiyemwamini usiupakie hivi hata kidogo. Uendeshe kama programu ya peke yake na mzungumze kwa paipu.

Mifano yote hapa ni ya C kwenye Linux. Kwenye Ubuntu, `sudo apt install build-essential` inakupa kila kitu.

Hatua ya 1: Andika mkataba

Fungua folda mpya, uandike faili la `bidhaa.h`:

```c
#ifndef BIDHAA_H
#define BIDHAA_H
#include <stdint.h>

#define TOLEO_LA_MKATABA 1

struct mzigo {
    double  kilo;
    int32_t idadi;
    char    daraja[8];
};

struct bidhaa {
    int32_t     toleo;      /* ibaki ya kwanza daima */
    const char *jina;
    /* hurudisha shilingi. -1 maana yake mzigo umekataliwa */
    int64_t   (*kokotoa)(const struct mzigo *m);
};

#endif
```

Programu mama na maktaba zote zitalisoma faili hili hili. Nimetumia `int64_t` badala ya `long` makusudi: `long` ni biti 64 kwenye Linux ya biti 64, lakini kwenye Windows ni biti 32 hata kama mashine ni ya biti 64. Kwenye mkataba, tumia aina ambazo ukubwa wake umetajwa waziwazi.

Tazama jinsi mkataba ulivyo mdogo. Kila maktaba itaonyesha kitu kimoja tu kwa nje, nacho ni strakti ya `bidhaa` iliyojazwa. Nimeona miradi ambayo programu mama inatafuta majina ishirini ndani ya kila maktaba, moja moja. Inafanya kazi, ila ni kazi ya kujitafutia: majina ishirini ni sehemu ishirini za kukosea herufi.

Hatua ya 2: Andika maktaba yenyewe

Hii ni `nazi.c`. Bei ni za mfano tu, usije ukaniletea nazi zako.

```c
#include "bidhaa.h"

static int64_t kokotoa(const struct mzigo *m)
{
    return (int64_t)m->idadi * 500;
}

const struct bidhaa bidhaa_hii = {
    .toleo   = TOLEO_LA_MKATABA,
    .jina    = "Nazi",
    .kokotoa = kokotoa,
};
```

Na hii ni `mkonge.c`:

```c
#include <string.h>
#include "bidhaa.h"

static int64_t kokotoa(const struct mzigo *m)
{
    int64_t bei;
    if (strcmp(m->daraja, "3L") == 0)      bei = 2600;
    else if (strcmp(m->daraja, "UG") == 0) bei = 2300;
    else return -1;
    return (int64_t)(m->kilo * bei);
}

const struct bidhaa bidhaa_hii = {
    .toleo   = TOLEO_LA_MKATABA,
    .jina    = "Mkonge",
    .kokotoa = kokotoa,
};
```

Kompaili:

```
gcc -Wall -fPIC -shared -Wl,--no-undefined -o nazi.so nazi.c
gcc -Wall -fPIC -shared -Wl,--no-undefined -o mkonge.so mkonge.c
```

`-shared` inaiambia kompaila kwamba hii ni maktaba, haina `main`. `-fPIC` inatengeneza msimbo unaoweza kukaa popote kwenye kumbukumbu, maana hakuna anayejua maktaba itaangukia anwani gani itakapopakiwa. `-Wl,--no-undefined` wengi huiacha, na ni kosa kuiacha. Bila hiyo, ukiita fanksheni isiyokuwepo popote maktaba itatengenezwa vizuri tu, na tatizo litakungoja hadi mbele ya mteja.

Neno `static` kwenye `kokotoa` nalo lina kazi yake. Linaifanya fanksheni isionekane nje, kwa hiyo maktaba mbili zinaweza kuwa na `kokotoa` kila moja bila kugongana. Hakikisha kilichoonekana nje kwa amri hii:

```
nm -D nazi.so
```

Utaona mstari wenye `bidhaa_hii`. Usipouona, programu mama nayo haitauona. Wanaoandika kwa C++ ndio hukwama zaidi hapa, kwa sababu kompaila ya C++ huyapinda majina ya fanksheni, na kitu kilichotangazwa `const` huwa hakionekani nje ya faili lake. Tanguliza `extern "C"` kwenye kila unachotaka kionekane, kisha ukague tena kwa `nm`.

Hatua ya 3: Programu mama

`mizani.c`:

```c
#include <stdio.h>
#include <dlfcn.h>
#include "bidhaa.h"

static const struct bidhaa *pakia(const char *njia)
{
    void *h = dlopen(njia, RTLD_NOW | RTLD_LOCAL);
    if (!h) {
        fprintf(stderr, "Haikupakiwa: %s\n", dlerror());
        return NULL;
    }

    const struct bidhaa *b = dlsym(h, "bidhaa_hii");
    if (!b) {
        fprintf(stderr, "Si maktaba yetu: %s\n", dlerror());
        dlclose(h);
        return NULL;
    }

    if (b->toleo != TOLEO_LA_MKATABA) {
        fprintf(stderr, "%s: toleo %d, tunataka %d\n",
                njia, (int)b->toleo, TOLEO_LA_MKATABA);
        dlclose(h);
        return NULL;
    }
    return b;
}

int main(int argc, char **argv)
{
    if (argc != 2) {
        fprintf(stderr, "Matumizi: %s ./maktaba.so\n", argv[0]);
        return 1;
    }
    const struct bidhaa *b = pakia(argv[1]);
    if (!b) return 1;

    struct mzigo m = { .kilo = 250.0, .idadi = 1200, .daraja = "UG" };
    int64_t jibu = b->kokotoa(&m);
    if (jibu < 0)
        printf("%s: mzigo umekataliwa\n", b->jina);
    else
        printf("%s: shilingi %lld\n", b->jina, (long long)jibu);
    return 0;
}
```

Kompaili na ujaribu:

```
gcc -Wall -o mizani mizani.c
./mizani ./nazi.so
Nazi: shilingi 600000
./mizani ./mkonge.so
Mkonge: shilingi 575000
```

Programu ni ileile, haikuguswa, na hesabu mbili tofauti kabisa zimepita ndani yake. Kama mashine yako ni ya zamani na kompaila inalalamika kwamba haimjui `dlopen`, ongeza `-ldl` mwishoni mwa amri. Tangu glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux nyingi) toleo 2.34 la mwaka 2021, haihitajiki tena.

`RTLD_NOW` inaamuru kila jina ambalo maktaba inalihitaji litafutwe sasa hivi. Likikosekana, `dlopen` inarudisha `NULL` na unapata nafasi ya kusema na mtumiaji. Mwenzake, `RTLD_LAZY`, anaruhusu fanksheni zitafutwe zitakapoitwa kwanza. Inasikika kama kuokoa muda, lakini jina likikosekana wakati huo programu yote inakufa palepale, katikati ya kupima mzigo. Mimi huitumia `RTLD_NOW` kila mara.

`RTLD_LOCAL` inayafungia majina ya maktaba ndani ya maktaba hiyo. Maktaba zetu zote zina kitu kiitwacho `bidhaa_hii`. `RTLD_GLOBAL` ingeyamwaga majina hayo uwanjani, na ya kwanza kuingia ingeweza kuwafunika waliofuata.

Halafu lile `./` kabla ya jina. Jaribu bila hilo:

```
./mizani nazi.so
Haikupakiwa: nazi.so: cannot open shared object file: No such file or directory
```

Faili lipo hapo hapo na bado unaambiwa halipo. Jina lisipokuwa na mkwaju (alama ya `/`), `dlopen` haiangalii folda uliyomo. Inatafuta kwenye njia zilizoandikwa ndani ya programu, kwenye `LD_LIBRARY_PATH`, kwenye orodha ya `/etc/ld.so.cache`, kisha `/lib` na `/usr/lib`. Jina likiwa na mkwaju, linachukuliwa kama lilivyo. Kwenye kazi ya kweli mpe njia kamili, mfano `/opt/mizani/bidhaa/nazi.so`, usimwachie atafute mwenyewe. Na soma ujumbe wa hitilafu kwa makini: wakati mwingine jina linalotajwa si la maktaba yako, ni la maktaba nyingine ambayo yako inaitegemea.

Ili mizani ipakie kila kitu chenyewe, isome folda moja kwa `opendir` na `readdir`, ichukue majina yanayoishia na `.so`, iunge njia kamili, iite `pakia`. Moja ikikataa, andika kwenye logi uendelee na nyingine. Usizime mizani nzima kwa ajili ya faili moja bovu la machungwa.

Hatua ya 4: Mkataba ukibadilika

Tuseme umeleta mizani ya mahindi na sasa unataka unyevu. Unafungua `bidhaa.h` na kuuchomeka hapa:

```c
struct mzigo {
    double  kilo;
    double  unyevu;
    int32_t idadi;
    char    daraja[8];
};
```

Unakompaili programu mama. `nazi.so` hukuigusa, maana nazi na unyevu wapi na wapi. Kila kitu kinakubali, hakuna onyo hata moja. Unapima nazi 1200, mzigo wenye unyevu wa 12.5, na jibu ni shilingi 0.

Maktaba ya zamani haijui majina, inajua nafasi. Ilikompailiwa ikijua `idadi` inaanza baiti ya 8. Sasa baiti ya 8 ndipo unyevu unapoanza, na `idadi` imesogea hadi baiti ya 16. Namba 12.5 ikiandikwa kama `double` ni `0x4029000000000000`, na kwenye prosesa za Intel na AMD baiti nne za chini ndizo zinazokaa mbele. Hizo zote ni sifuri. Maktaba inazisoma, inaona nazi 0, inazidisha kwa 500. Mkulima anaandikiwa sifuri na kompyuta haijaona kosa lolote.

Kwa hiyo, kila ukigusa strakti yoyote iliyomo kwenye mkataba, pandisha `TOLEO_LA_MKATABA`, hata kama mabadiliko ni madogo kiasi gani. Maktaba za zamani zitakataliwa kwa ujumbe unaosomeka badala ya kukupa hesabu za uongo. Ndiyo maana `toleo` lazima libaki la kwanza kwenye strakti yake milele. Likihama, hata kulisoma utalisoma vibaya. Sehemu mpya ziongeze mwishoni, usichomeke katikati, na ya zamani usiifute wala kuibadili aina.

Jambo lingine la kuandika kwenye mkataba ni kumbukumbu inayoombwa kwa `malloc`. Aliyeiomba ndiye aiachie. Maktaba ikitengeneza maandishi ya risiti kwa `malloc`, nayo itoe fanksheni ya kuyaachia, kwa sababu kwenye Windows maktaba na programu mama zinaweza kuwa na ghala tofauti za kumbukumbu. Njia rahisi zaidi ni programu mama kuleta nafasi yake na ukubwa wake, maktaba ijaze tu.

Hatua ya 5: Kubadilisha maktaba bila kuzima mizani

Umerekebisha `nazi.c`, umekompaili, na mizani inaendelea kupima. Mkono unakwenda kwenye `cp nazi.so /opt/mizani/bidhaa/`. Uzuie.

`cp` inafungua faili lilelile na kuandika juu yake. Programu inayokimbia imeliunganisha faili hilo moja kwa moja na kumbukumbu yake, kwa hiyo maelekezo yanabadilika chini ya miguu yake. Mara nyingi inakufa kwa SIGSEGV au SIGBUS, ishara za kugusa kumbukumbu vibaya. `mv` ndani ya diski hiyohiyo ni salama, kwa kuwa inabadili jina lielekee kwenye faili jipya. La zamani linabaki hai hadi wa mwisho anayelitumia aliache.

Hata hivyo `mv` peke yake haikufikishi. Ukiita `dlopen` tena kwa njia ileile, glibc inaona jina hilo limeshapakiwa na kukurudishia maktaba ya zamani, hata kama faili kwenye diski ni jipya. Wengi hupoteza siku nzima hapa wakidhani kompaila inawachezea. Suluhisho ninalolipenda ni kulipa kila toleo jina lake:

```
cp nazi.so /opt/mizani/bidhaa/nazi-2.so.muda
mv /opt/mizani/bidhaa/nazi-2.so.muda /opt/mizani/bidhaa/nazi-2.so
```

Jina la muda linaizuia programu inayochungulia folda isilipakie faili ambalo halijakamilika. Baada ya hapo programu inapakia `nazi-2.so`, inakagua toleo, na mzigo unaofuata unatumia pointa (anwani ya kumbukumbu) mpya. Mzigo uliokuwa katikati unamalizika na ya zamani.

Na ya zamani uifunge kwa `dlclose`? Ushauri wangu: iache. Watu hututania kwamba Tanga ni waja leo, waondoka leo. Maktaba ikishaingia, ipe makazi ya kudumu. `dlclose` inapunguza hesabu ya waliofungua, na hesabu ikifika sifuri maktaba inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Kuanzia hapo kila pointa iliyotoka humo ni mfu, pamoja na ile ya `jina`. Neno "Nazi" linakaa ndani ya maktaba. Kama orodha ya risiti imehifadhi pointa yake badala ya nakala, uchapishaji wa jioni utaiua programu. Ukiwa na nyuzi (threads) kadhaa na mmoja bado uko ndani ya `kokotoa`, ndiyo kabisa. Maktaba ndogo kama hizi hazili kumbukumbu ya kuhuzunisha mtu, na kwenye Alpine, Linux inayotumia musl badala ya glibc, `dlclose` haiondoi chochote hata ukiita.

Ulinzi

Kupakia maktaba ni kuiendesha. Maktaba inaweza kuwa na msimbo unaokimbia wakati `dlopen` bado haijarudi, kwa hiyo kukagua `toleo` hakukulindi na mtu mbaya. Kinachokulinda ni folda: iwe ya root, ruhusa 755, na programu ya mizani iendeshwe na mtumiaji wa kawaida asiyeweza kuandika humo. Usipakie kutoka kwenye flashi. Ukipata ujumbe wa `failed to map segment from shared object`, mara nyingi diski hiyo imepachikwa kwa `noexec`, yaani msimbo uliomo hauruhusiwi kuendeshwa. Hamishia maktaba mahali pake, usiiondoe `noexec` kwa haraka. Faili usilolijua litazame kwa `readelf -d` kuliko `ldd`, kwa sababu `ldd` inaweza kuendesha msimbo uliomo.

Maktaba ikikataa na hujui kwa nini, endesha hivi uone kila njia iliyojaribiwa:

```
LD_DEBUG=libs ./mizani ./nazi.so
```

Kama mashine ya ghala ni Windows

Mpangilio ni uleule, majina tu yamebadilika: `LoadLibrary`, `GetProcAddress`, `FreeLibrary`, na hitilafu unaisoma kwa `GetLastError`. Unachotaka kionekane nje kitangulizie `__declspec(dllexport)`. Toa njia kamili, la sivyo mtu anaweza kukuwekea DLL yake kwenye folda inayotafutwa kabla ya yako. Faili la DLL lililopakiwa Windows hailiachi liandikwe juu, kwa hiyo ule mtindo wa `nazi-2` unakufaa huku pia.

Namba tatu za hitilafu utakutana nazo. 126 ni faili halikupatikana, na mara nyingi aliyekosekana ni DLL nyingine ambayo yako inaitegemea. 127 ni jina ulilolitafuta halimo. Rudi kwenye `dllexport` na `extern "C"`. 193 huwa ni biti 32 imekutana na biti 64: programu mama na maktaba lazima ziwe za aina moja, na kompyuta nyingi za zamani maghalani bado zina programu za biti 32, kwa hiyo angalia hilo kabla hujakompaili chochote.